Buibui la Bibi Ndani ya Kamera

Kila nikitia siki kwenye kachumbari hucheka peke yangu jikoni, na mkwe wangu hunitazama kwa huruma, akidhani uzee umeshanipanda kichwani. Si uzee. Ni harufu ile. Siki ikinipata puani tu, narudi kwenye stoo yetu ya Ngamiani, mlango umefungwa, magunia yamezibwa dirishani, jasho linatiririka mgongoni, na Mjomba Mbaruku ananong'ona kama mtu anayeiba kuku: "Usipumue juu ya sinia, mtoto!"

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Wajukuu zangu wanapiga picha hata sahani ya pilau kabla hawajaila. Zama zetu mtu alioga kwanza, akanyoa, akaazima viatu, ndipo akaenda kupiga picha. Kuwa na kamera nyumbani, Tanga ya wakati ule, tena kwa watu wa meza ya kutengeneza saa, lilikuwa jambo la kusimuliwa mtaa mzima.

Ilitufikia bila kutafutwa. Mjomba Mbaruku, mdogo wake mama, alikuwa fundi saa. Meza yake aliiweka kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na alikuwa na msemo mmoja tu maishani: hakuna kitu kilichofungwa na binadamu kisichofunguliwa na binadamu. Siku hiyo alikwenda Pongwe, kwenye mnada wa vyombo vya Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka saa ya ukutani. Akaipata, lakini mnadishaji akamwambia saa haitoki bila sanduku lililokuwa chini yake. Ndani ya sanduku mlikuwa na brashi za viatu, miwani ya jicho moja, na kitu cheusi kilichokunjwa bapa. Ukibonyeza kitufe, kikafunguka mbele na kutoa mfuko wa ngozi wenye mikunjo mikunjo, na mwisho wa mfuko jicho la kioo.

"Nini hicho?" akauliza Bibi.

"Kamera, mama."

"Inafanya kazi?"

"Bado."

"Basi si kamera. Ni uchafu wa Mzungu. Kiondoe kwenye mkeka wangu."

Bibi huyu, mama yake mama, ndiye mwenye hadithi. Mimi na yeye tulikuwa wake wenza. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini kwa Bibi hilo halikupunguza wivu. Asubuhi nikimwambia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanisonya: "Umeamka, mke mwenzangu? Mume wetu umemwachia chai?" Nikifagia uani alisema nafagia kwa kujipendekeza. Nikinenepa kidogo alidai nakula sehemu yake. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, mama anisamehe.

Kamera ingebaki uchafu wa Mzungu kama si barua. Bibi alikuwa na dada yake Pemba, Bi Mize, hawakuonana tangu Bibi alipoolewa kuja Tanga. Magoti ya Bibi hayakuwa ya kupanda chombo tena. Barua ikaja, Mjomba akaisoma uani kwa sauti, na Bi Mize anasema hivi: mtoto wa jicho amenishika. La kushoto limekwisha. La kulia naona kama niko nyuma ya chandarua. Kabla halijafumba, mdogo wangu, niletee sura yako niione, hata kwa picha.

Bibi alichukua barua asiyoweza kuisoma, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Kesho nakupeleka mjini kwa mpiga picha," Mjomba akasema.

"Thubutu!" Bibi akaruka. "Nikae mbele ya mwanamume asiye wangu, anishike kidevu aniambie geuka hivi, geuka vile? Halafu uso wangu ulale kwenye kabati lake? Nimejisitiri miaka yote hii nije nikafunuliwe na mpiga picha?"

Na alikuwa na haki. Picha haikuishia kwenye kupigwa. Ilikuwa lazima isafishwe, na anayesafisha ndiye anayekutazama kwanza. Pale mjini waliokuwa wakisafisha walikuwa wanaume. Mjomba akakuna kichwa. Akaitazama kamera juu ya kabati, akamtazama mama yake.

"Na nikikupiga mimi mwanao? Nikasafisha mwenyewe, hapa hapa nyumbani, asione mtu?"

Bibi akafikiri. "Kwanza ifanye kazi," akasema.

Hapo ndipo matengenezo yakaanza, na mimi nikaingia kazini kwa sababu ya vidole vyangu vyembamba. Mjomba aliifungua kamera juu ya sahani nyeupe, akipanga skrubu kwa mzunguko kama namba za saa. Hewa ya bahari ilikuwa imekula shaba ikawa kijani. Kile kijilango kinachofumba na kufumbua nyuma ya kioo kilikuwa kimeganda. Akakiosha kwa petroli na unyoya wa kuku, akakipuliza, akakitia tone la mafuta ya saa, akabonyeza. Chak! Jamani, sauti ile! Tukabonyeza mpaka mama akatuambia tumemtia kichefuchefu. Skrubu moja ilikuwa imepotea, Mjomba akaing'oa kwenye ile saa ya ukutani. Saa ya watu haikutembea tena mpaka leo.

Bibi alikuja kutazama, akaona sahani.

"Mbaruku! Sahani yangu ya wali wa wageni!"

"Nitaiosha, mama."

"Kwa petroli?"

Mkanda wa kwanza Mjomba alipiga kila kilichopita mtaani: muuza machungwa kutoka Muheza, baiskeli, mbuzi wa jirani. Dawa za kusafishia alizipata kwa rafiki yake aliyekuwa akifagia duka la picha, na siki, ya kuizuia dawa isizidi kula picha, tukachota kwenye chupa ya achari ya Bibi. Tukajifungia stoo, kandili limevikwa kitambaa chekundu. Mkanda ukatoka umejaa michirizi, hakuna muuza machungwa, hakuna mbuzi. Mwanga ulikuwa umeingia na kula kila kitu.

Mjomba hakukasirika. Akatia tochi ndani ya ule mfuko wa ngozi, akazima kandili. Mungu wangu! Mfuko mzima ukatoboka vinukta vya mwanga, kila kwenye kunjo kitundu. Nikavihesabu kwa kugusa, kumi na saba. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka.

Tukajaribu kuziba kwa kitambaa cha mwavuli, kikawa kinene, mfuko haukunjiki. Tukajaribu karatasi nyeusi, ikachanika. Bibi alikuwa mlangoni akituangalia tunavyohangaika. Akaondoka. Akarudi na buibui lake kuukuu, lile la kwendea kisimani, akakata kipande kwa mkasi.

"Hili limenisitiri mimi," akasema, "litashindwa kukisitiri hicho kidude chenu?"

Na kweli halikushindwa. Tabaka mbili za buibui na gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, vidole vyangu ndani ya mikunjo, Mjomba akinielekeza: kushoto, shuka, bonyeza, subiri. Siku tatu nilinuka gundi. Mjomba alipotia tochi tena, giza tupu. Nikatamba mtaa mzima kwamba mimi ni fundi kamera.

Siku ya picha Bibi alivaa buibui jipya, akaacha uso wazi, akatia wanja, na kifuani akabandika kikuba cha asmini.

"Kikuba cha nini, mama? Picha hainusi," Mjomba akamwambia.

"Dada yangu atakijua."

Alisimama mbele ya ukuta wa ua, uliopakwa chokaa siku chache nyuma, mweupe mpaka unaumiza macho. Lakini kila Mjomba alipoinama kwenye kidirisha cha kamera, Bibi alicheka. "Mtoto nilimwogesha mimi kwenye karai, leo ananiamuru nitulie! Siwezi. Mpe mke mwenzangu." Basi nikapewa mimi. Mjomba akaishika kamera isitikisike, mimi nikaweka kidole.

"Mke mwenza," nikamwita, "mume wetu yuko nyuma yako!"

Bibi akapasuka kucheka, pengo lake la mbele likaonekana lote, lile alilokuwa akisema alilipata utotoni kwa kugombea halua na dada yake. Nikabonyeza. Chak.

Safari hii sikuruhusiwa kuingia stoo. Mjomba alisema dawa ni chache, hataki mtu wa kumgonga kiwiko. Akatoka amelowa jasho na anatabasamu. "Sasa tunangoja karatasi za kuchapia," akatuambia. "Nimeagiza Mombasa, zitakuja na basi. Mkanda unakauka. Asiuguse mtu. Nasema asiuguse mtu," na hapo alinitazama mimi.

Sikuugusa. Lakini macho hayana pazia. Mchana ule wote wamelala, nikasukuma mlango wa stoo, nikaona mkanda unaning'inia kwa kibanio cha nguo. Nikausogelea, nikautazama kwenye mwali wa jua uliopenya mlangoni.

Nikamwona Bibi. Amesimama ndani ya giza, ukuta haupo, ua haupo. Uso wake mweusi tii, midomo wazi. Na kutoka kichwani mpaka chini amefungwa nguo nyeupe pepepe.

Mwezi ule ule alikuwa amefariki bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi, kwa udadisi wangu, nilijipenyeza miguuni mwa wanawake wakati anaagwa. Kwa hiyo nilijua nilichokiona. Nguo nyeupe imezunguka kichwa, uso tu uko wazi. Bibi amevaa sanda. Kamera imeona mbele ya safari kuliko sisi. Na kidole kilichobonyeza ni changu.

Leo tunacheka. Siku ile nilikaa kitako juu ya gunia la mkaa. Kumwambia Mjomba siwezi, nimekatazwa kuingia. Kumwambia mama siwezi, atanichapa kisha atalia. Kumwambia Bibi? Nitamwambiaje mtu kwamba nimemuua kwa kidole?

Nikaanza ulinzi. Bibi akienda bafuni, nasimama mlangoni nasoma Kulhuwallah mpaka anatoka. Akila samaki, natazama miiba. Akilala mchana, nakaa kando yake, na pumzi zikipungua sauti natia kidole chini ya pua yake.

"We mtoto!" akaamka siku moja. "Unatafuta nini puani mwangu?"

"Inzi, Bibi."

"Inzi gani anakaa puani? Umeanza wivu wa kikweli sasa, wataka kuniziba nikuachie mume?"

Sikucheka. Yeye ndiye aliyeona ajabu, kwa sababu siku zote nilikuwa na jibu. Akanishika shavu, akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikakimbilia nyuma ya choo nikalia mpaka nikachoka.

Halafu nikapata akili. Bibi, kama wazee wengi wa kwetu, alikuwa na sanda yake tayari. Ililetwa na hujaji, imerowekwa maji ya Zamzam, imekunjwa ndani ya sanduku lake pamoja na udi na marashi. Kila mwaka aliitoa akaianika, akinionyesha bila hofu yoyote: "Hii ndiyo nguo yangu ya safari, mke mwenzangu. Bila hii siendi popote." Na mimi nikawaza, kama bila hii haendi popote, basi dawa si ndiyo hiyo?

Ufunguo wa sanduku Bibi aliufunga kwenye pindo la kanga. Akiwa amelala, nikalifungua fundo taratibu. Nikaitoa sanda, nikaipeleka stoo, nikaishindilia mpaka chini ya gunia la mkaa. Nikafunga sanduku, nikarudisha ufunguo, nikafunga fundo. Usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu nione mkanda.

Siku mbili baadaye karatasi zikafika, zimepita mpakani Horohoro ndani ya kapu la mtu wa basi. Nyumba ikachangamka. Bibi akataka udi wa kufukizia bahasha ya dada yake. Akafungua sanduku.

Ukelele alioutoa ulimtoa Mjomba kibarazani na mama jikoni.

"Sanda yangu! Jamani, nimeibiwa sanda!"

"Sanda?" Mjomba akashangaa. "Mwizi gani anaiba sanda, mama? Ana haraka ya wapi?"

"Zamzam! Ina maji ya Zamzam! Nitazikwa na nini mie, Mbaruku, na gunia la mkonge?"

Na Bibi, ambaye hakulia barua ya dada yake iliposomwa, akaanza kulia. Hapo nikashindwa. Nikajitupa miguuni pake.

"Nimeificha mimi! Nimeificha usife!"

Bibi akaacha kulia, akanitazama.

"Nimekuona kwenye kamera," nikasema huku kamasi zinanitoka. "Umeshaivaa. Na mimi ndiye niliyebonyeza!"

Mjomba akajipiga kofi la paji la uso. Akafungua mdomo aeleze, lakini Bibi akamnyooshea kiganja anyamaze. "Iko wapi?"

Niliwapeleka stoo. Sanda ilitoka chini ya gunia ikiwa na rangi ya sufuria la kupikia ubwabwa wa harusi. Mama akashika kichwa. Mimi nikafumba macho kungoja kofi. Bibi akaitandaza, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Kisha akakaa chini, hapo hapo juu ya vumbi la mkaa.

"Hebu sema tena. Uliificha ili nini?"

"Ili usife, Bibi."

Akanivuta akanibana kifuani mpaka harufu ya asmini ya nguo zake ikaniingia puani, na tumbo lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia bado. Kumbe anacheka. "Basi umeweza," akasema. "Sasa hata nikiitwa siwezi kwenda. Nitafika vipi huko nimevaa kama muuza mkaa?"

Mjomba hakunieleza kwa maneno. Alifunga mlango, akawasha kandili lenye kitambaa chekundu, akanibakisha mimi na Bibi humo humo. Akabana karatasi na mkanda chini ya kioo, akaimulika kwa tochi kidogo, kisha akaitia karatasi kwenye sinia la dawa. Nyeupe tupu. Nikamshika Bibi mkono.

Kwanza likaja buibui. Jeusi, kutoka kichwani mpaka chini, jeusi kama lilivyo. Halafu wanja. Halafu kile kikuba, vinukta vyeupe kifuani. Mwisho uso wote ukajaa, na pengo, na kile kicheko nilichomchokoza nacho. Ukuta nyuma yake ukabaki mweupe wa chokaa. Cheusi na cheupe, ambavyo mkanda huvipindua, vilikuwa vimerudi kila kimoja mahali pake. Juu pembeni mlikuwa na alama moja nyeupe kama punje ya mchele.

"Hilo ni tundu la kumi na nane," Mjomba akanong'ona. "Fundi kamera umelisahau."

Nikamkumbatia Bibi kiunoni nikawa namwambia hufi, hufi, hufi, naye anajibu, "Leo sifi, niachie nione nilivyo mzuri."

Picha ikaenda Pemba ndani ya bahasha iliyofukizwa udi. Ilipita miezi kadhaa, tukawa tunaogopa kutaja. Kisha jibu likaja, ameandikiwa na mjukuu. Bi Mize alisema wamempeleka mlangoni penye mwanga, ameishika picha karibu na jicho la kulia mpaka ikamgusa kope, na amemwona mdogo wake. Mwisho wa barua kulikuwa na mstari mmoja: "Mwambieni na pengo nimeliona. Na halua ilikuwa yangu." Bibi alimwomba Mjomba ausome mstari ule mpaka jioni, na kila akisomewa alijibu, "Muongo huyo! Muongo mkubwa!" huku machozi yanamtoka.

Mama aliifua sanda kwa sabuni, ndimu na bluu, akaianika mara nyingi. Ikang'aa yote, isipokuwa pembeni karibu na pindo. Hapo palibaki kivuli cha vidole vitano vidogo, pale nilipoikamata kuishindilia chini ya gunia. Kila mwaka Bibi alipoitoa kuianika, mtu alimwambia anunue mpya. "Sinunui," alikuwa akisema. "Hii imezoea kunichelewesha."

Akacheleweshwa kweli. Alinioza, akanipokelea watoto wawili, akawaita nao wake wenza. Ilipofika siku yake, wanawake wa kuosha walifungua sanduku mbele yangu, harufu ya udi ikatoka. Mmoja akaikunjua sanda, akasita.

"Hii ina doa, mwanangu. Tutume mtu dukani?"

Nikaweka vidole vyangu juu ya vile vidole. Mkono ulikuwa umeshakuwa mkubwa, ulivifunika vyote. Nikacheka, katikati ya msiba, watu wakanitazama kama mkwe wangu anavyonitazama nikishika chupa ya siki.

"Mvisheni hiyo hiyo," nikawaambia. "Imeshamchelewesha vya kutosha."